Maana ya "mmea unaofaa" katika kuwalisha sisimizi wakata majani

Kwa wanaofuga sisimizi wakata majani katika maabara, makumbusho na bustani za wanyama, mmea unaofaa ni ule ambao kuvu inayolimwa na sisimizi hao inaweza kuumeng'enya bila kudhurika, na ambao sisimizi wenyewe wako tayari kuukata na kuubeba. Masharti haya mawili hayalingani uzito. Sisimizi anaweza kukata jani kwa bidii kubwa na jani hilo likaja kuua shamba lake la kuvu, kwa kuwa jani hasa si chakula chake, bali ni chakula cha kuvu.

Wadudu hawa, wa jenasi za Atta na Acromyrmex, asili yao ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, na Uganda hawapo porini. Wafanyakazi wakubwa hukata vipande vya majani na kuvileta kiotani, kisha wadogo zaidi huvilamba, huvitafuna hadi vikawa rojo, huviongezea majimaji ya kinyesi chao na kupandikiza juu yake nyuzi za kuvu. Kuvu hiyo, Leucoagaricus gongylophorus, huota vinundu vidogo vyenye mafuta na wanga, na vinundu hivyo ndivyo wanavyolishwa viluwiluwi. Wafanyakazi wazima hunywa pia utomvu wa jani wakati wa kukata, lakini kizazi kinachokua hutegemea kuvu peke yake. Sisi tunao mchwa wanaofanya kilimo kinachokaribiana na hiki, nao ndio asili ya uyoga ambao Waganda huuita obutiko obubaala. Tofauti yao na wakata majani ni kwamba mchwa hukusanya hasa nyasi na miti iliyokwisha kufa, ambayo imepoteza sehemu ya sumu zake, ilhali wakata majani huleta jani bichi pamoja na kila kinga ambayo mmea uliokuwa hai umejiwekea. Ndiyo maana suala la kuchagua mmea ni gumu zaidi kwao.

Kinga hizo ni za aina mbili. Zipo za kumzuia sisimizi mlangoni, kama vile ugumu wa jani, vinyweleo, na utomvu mweupe unaonata kwenye taya, na kwa sababu hiyo mti kama mutuba, ule wa nguo za magome, haungekuwa chaguo langu la kwanza. Hata hivyo utomvu ni kikwazo tu, wala si marufuku, kwani muhogo unao na bado Amerika ya Kusini sisimizi hawa hushambulia mashamba ya muhogo. Aina ya pili ni kemikali zinazoipiga kuvu yenyewe, na hizi ndizo za hatari, kwa sababu sisimizi hazitambui mara moja. Majani ya simsim (ufuta), zao ambalo wakulima wa Acholi na Lango wanalijua vizuri, yamethibitika kuidhuru kuvu hii. Mbarika nayo imo katika orodha hiyo hiyo. Harufu kali haitoshi kuwa kipimo: mikaratusi, ambayo mtu angedhani ingewafukuza, ni miongoni mwa miti inayoliwa zaidi na sisimizi hawa katika mashamba ya Brazili.

Jinsi hukumu ya kuvu inavyomfikia sisimizi ilielezwa vizuri na majaribio ya watafiti Ridley, Howse na Jackson, yaliyochapishwa mwaka 1996. Walipowapa sisimizi chakula kilichotiwa dawa ya kuua kuvu, wadudu hao walikipokea na kukiingiza ndani bila shaka yoyote, ila baadaye, kuvu ilipokwisha kudhurika, waliacha kukigusa. Inaonekana kuvu iliyodhurika hutoa ishara ya kikemikali, wahudumu wa shamba huipokea, na wanaotoka nje kutafuta majani hubadilisha uchaguzi wao. Kwa hiyo anayetazama tu kama majani yamebebwa siku ya kwanza hajapima kufaa kwa mmea. Amepima mvuto wake.

Mimea iliyozoeleka katika ufugaji Ulaya ni matawi ya bramble (kichaka chenye miiba cha jenasi ya Rubus) na ya waridi, pamoja na nyongeza kama petali za maua, vipande vya tofaa na nafaka za mchele au shayiri. Kati ya mimea iliyopo Uganda, mwembe, mchungwa na kakao ya Bundibugyo huliwa na Atta huko Amerika, na sehemu nyeupe ya ganda la chungwa huvutia mno kiasi kwamba massa makavu ya machungwa hutumiwa Brazili kutengenezea chambo chenye sumu cha kuwaua sisimizi hawa. Nyasi ni suala jingine: wapo wa kundi hili, kama Atta capiguara, waliozoea kukata nyasi, na mtu akimpa Atta cephalotes, ambaye hukata majani ya miti, nyasi za malisho atakuwa anapoteza muda wake.

Mmea unaofaa kwa asili yake unaweza pia kuacha kufaa kwa sababu ya mahali ulipotoka. Waridi ni mfano mzuri. Mashamba ya maua yaliyo kandokando ya Ziwa Viktoria hukuza waridi za kuuzwa nje, na zao hilo hupigwa dawa za kuzuia ukungu. Majani ya namna hiyo yangekuwa sumu kamili kwa mdudu anayeishi kwa kulima kuvu. Vivyo hivyo kwa nyanya na kwa kahawa iliyonyunyiziwa dawa za shaba. Kuosha majani huondoa vumbi na sehemu ya dawa ya juu tu, kwani dawa nyingine huingia ndani ya tishu. Afadhali mti mmoja wa uani ambao historia yake inajulikana.

Mmea mpya hujaribiwa kwa kiasi kidogo, kando ya chakula kilichozoeleka, kwa siku kadhaa, huku macho yakiwa kwenye shamba la kuvu na kwenye jalala la kiota. Shamba lenye afya huwa na tabaka la juu lenye rangi ya majani mapya, katikati pakiwa na weupe wa kijivu, na chini manjano ya sehemu iliyochakaa. Vipande vya kijani vikianza kutupwa jalalani kabla ya kutumika, mmea huo umekataliwa. Kuurudisha baada ya siku chache hakutoi jibu la kuaminika, kwa kuwa kundi lililokwisha kuukataa hulikumbuka jambo hilo kwa wiki kadhaa na huweza kuukwepa hata jani likiwa safi.