Utafiti wa kliniki na wadogo zetu: yanayosemwa koridoni na ukweli wenyewe

Bandugu wa Bukavu, Goma na popote mnaposoma, ma-stajeri wananiuliza mambo yale yale kila mwaka juu ya utafiti wa kliniki, na majibu wanayopewa koridoni za lopitali mara nyingi hayako sawa, basi leo niandike. Utafiti wa kliniki ni ule unaofanywa na wagonjwa wenyewe au na taarifa zao. Kuna na ule wanaouita translasioneli, yaani kuchukua jambo lililogunduliwa labo ulisukume mpaka likafike kitandani kwa mgonjwa, halafu mpaka senta ya afya kule kijijini, na pia kurudisha maswali ya kitandani yaende labo. Ni njia ya kwenda na kurudi.

"Sisi tunachukua sampuli, bazungu njo wanafanya utafiti"

Hii inaniuma kuliko zote, na ninaisikia hata kwa watu wenye diplome kubwa.

Angalia mji wa Kikwit, kwetu Kongo, 1995. Ebola ilishika watu 315 na karibu 8 kwa kila 10 walikufa. Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa kwetu, na wenzake wakachukua damu ya watu waliopona wakawaongezea wagonjwa 8, wakapona 7. Hapa mdogo wangu simama kidogo, maana somo lote liko hapa. 7 kwa 8, unasema dawa imepatikana! Lakini wataalamu wengi hawakukubali na sababu walikuwa nayo, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wale wagonjwa walipewa damu mlipuko ukielekea mwisho, wakati matunzo yalishakuwa mazuri kidogo, pengine wengine wangepona tu hata bila ile damu. Swali likabaki wazi miaka na miaka.

Baadaye kutoka kwa mtu aliyepona kule Kikwit ikapatikana antibodi (kinga ya mwili inayopambana na virusi) waliyoiita mAb114, kazi ya INRB, taasisi ya utafiti ya Kinshasa, pamoja na NIH, taasisi za afya za Marekani, na Novemba 2018 ikaingia kwenye jaribio la PALM, Ebola ikiwa hapa hapa Kivu Kaskazini, upande wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa 4, wagonjwa 681, kila mgonjwa anapangiwa dawa kwa bahati nasibu, daktari hachagui. Agosti 2019 wakasimamisha mapema maana tofauti ilishaonekana: kati ya zile dawa, kwa waliopata ZMapp walikufa karibu 50 kwa 100, kwa mAb114 walikufa 35, kwa REGN-EB3 karibu 34. Desemba 2020 mAb114 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Ebanga. Kutoka Kikwit mpaka pale ni miaka 25, na wa kwanza kwenye orodha ya walioandika matokeo ya PALM ni Mukongomani, daktari Sabue Mulangu. Madaktari, manesi na watu wa labo wengi wa kwetu waliifanya ile kazi wamevaa kombinezo kwenye joto, risasi zinasikika, na fishi inajazwa vile vile.

Kwa hiyo anayekwama kwenye sampuli, kilichomkwamisha si akili. Hakupata mtu wa kumfundisha kuandika protokole (mpango wa utafiti), kupanga data, kufanya hesabu na kuandika makala. Hayo yanafundishika.

"Memwar nimeshadefandi, utafiti naujua"

Hapana. Memwar inakuonjesha tu, na mara nyingi inakuonjesha kinyume, maana wengi wanakusanya fishi kwanza halafu njo wanatafuta swali la kuweka juu yake. Kwenye utafiti wa kliniki swali linatangulia: wagonjwa gani, unawapa nini, unalinganisha na nini, utapima nini na siku ya ngapi. Yote yanaandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Ukiamua cha kupima baada ya kuona data, utapata tu kitu kinachokufurahisha, na hakuna atakayekuamini, na yuko sawa asikuamini. Hata idadi ya wagonjwa inahesabiwa mapema, sababu wakiwa wachache mno huoni tofauti hata kama ipo, wakizidi unawasumbua watu bure. Mtu wa statistiki anaitwa siku ile ya kuandika protokole. Tafadhali, msimpelekee Excel iliyojaa makosa usiku wa kuamkia defansi mkamwambia "docta utusaidie".

Na kuna ujuzi ambao hakuna auditware ya chuo inayoufundisha vizuri, lazima ukae pembeni ya mtu anayefanya: kuona kwamba presha ya wagonjwa wote kwenye rejista ni 120 kwa 80 na ukajua kwamba hakuna aliyepima.

"Mtafiti ni mtu wa mikroskopu"

Kamituga, kwetu Kivu Kusini, mwaka 2023. Kuna vidonda vinaonekana kwa watu wakubwa, si kwa watoto wa msituni tu kama ilivyozoeleka kwa mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vidonda kwenye ngozi. Waliokuwa pale na wagonjwa waliona kwamba hii si ile ya zamani, sampuli zikapimwa, ikagundulika aina mpya ya virusi inayoitwa clade Ib, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS, shirika la afya la dunia, ikatangaza dharura ya dunia. Labo ilithibitisha, ndiyo, ila swali lilianza na macho ya anayetibu. Nesi aliyefundishwa kuuliza na kuandika vizuri ni mtafiti tayari.

"Dawa ikishindwa, utafiti umefeli"

Kwenye hiyo hiyo mpox kuna jaribio la PALM007, Kongo, la dawa tecovirimat, wagonjwa 597. Dawa haikufupisha muda wa vidonda kupona. Watu wakasema franga zimepotea. Lakini soma vizuri: kwenye jaribio lile vifo vilikuwa 1.7 kwa 100, waliopata dawa na waliopata plasebo (kidonge kisicho na dawa) wote pamoja, wakati kwa kawaida nchini ni 3.6 au zaidi. Wote walilazwa, wakalishwa, wakatunzwa na kufuatiliwa kwa karibu. Yaani tumejua dawa ipi tusiinunue kwa matumaini tu, na tumejua kumtunza mgonjwa vizuri kunasaidia. Kijana anayeficha matokeo kama haya kwa kuona haya anawadhulumu wagonjwa waliokubali kuingia.

"Etiki ni karatasi ya kusainisha"

Ridhaa ni maongezi. Mama asiyesoma anapaswa kuelezwa kwa lugha yake, mbele ya shahidi ambaye si wa timu yenu, ajue anaweza kukataa na bado atatibiwa, ajue anaweza kutoka hata kesho. Kwetu watu wanaogopa kufanywa kobayi wa majaribio, na hawaogopi bure, kwa hiyo harakaharaka ya kusainisha inaharibu kazi ya wote watakaokuja nyuma yako.

"Nikipata bursi ya Ulaya, imeisha"

Bursi ni nzuri, iombe. TDR, programu ya utafiti ya OMS, inapeleka watu kwenye taasisi na viwanda vya dawa wajifunze kuendesha majaribio, EDCTP, mpango wa Ulaya wa majaribio ya kliniki, ina nafasi za watafiti wa Afrika, kituo cha Fogarty cha Marekani pia. Lakini tatizo linaanza siku ya kurudi: unapangiwa gardi kila wiki, konsultasio asubuhi, kufundisha jioni, utafiti unabaki wa saa nne usiku kama umeme upo. Marekani, bursi nyingi za NIH za kukuza watafiti vijana zinadai 75 kwa 100 ya muda wako wa kazi iwe ya utafiti na mafunzo yake, na taasisi yako inakubali kwa maandishi. Sisi hata siku 1 kwa juma ingebadilisha mengi, na hii nawaambia wakuu wa lopitali na wa fakilte, maana kijana hawezi kujipa mwenyewe.

Wakati unangoja bursi, kozi ya Good Clinical Practice (kanuni za kuendesha majaribio kwa watu) ipo bure mtandaoni kwenye Global Health Network, na kupitia Research4Life chuo chako kinaweza kufungua majarida bila kulipa, muulize mtu wa maktaba. Tafuta na mentor, ikiwezekana wawili, mmoja wa fani yako na mwingine wa njia za utafiti. Na kabla hamjaanza kazi yoyote ya pamoja, muandike nani atafanya nini na majina yatakaa kwa mpangilio gani kwenye makala, mkiwa bado mnacheka pamoja, maana nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya jina la pili na la tatu.