Methadoni na Kupungua kwa Hamu ya Tendo la Ndoa: Upungufu wa Homoni Utokanao na Opioidi

Upungufu wa homoni utokanao na opioidi ni hali ambayo mwili wa mtu aliyetumia dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu, iwe heroini, mofini au methadoni inayotolewa kutibu uraibu wa heroini, hutengeneza kwa kiwango kidogo homoni zinazoongoza hamu ya tendo la ndoa na uwezo wa kuzaa. Jambo hili linawagusa moja kwa moja watu wanaofika kila siku katika kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kunywa dozi mbele ya mhudumu, pamoja na wenzi wao nyumbani.

Opioidi hufanya kazi katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi na kupunguza ishara inayopelekwa kwenye tezi ya pituitari. Tezi hiyo nayo hupunguza kuzichochea korodani au ovari, na hatimaye testosteroni au estrojeni hushuka. Mwanamume hupoteza hamu, uume hushindwa kusimama vizuri, au huchelewa mno kufika kileleni, huku uchovu na huzuni vikimwandama. Kwa mwanamke, hedhi huvurugika au hukoma kabisa.

Heroini yenyewe huleta madhara hayohayo, kwa hiyo wengi huanza tiba wakiwa tayari na tatizo, ila arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, na mahangaiko ya kutafuta unga vilikuwa vimelifunika. Maisha yakitulia, ndipo linapoonekana, na methadoni hubebeshwa lawama yote. Ni kweli kwamba methadoni inachangia, hasa dozi ikiwa kubwa, lakini sonona, sigara, pombe, kisukari na baadhi ya dawa za sonona huchangia pia.

Ninachokihofia zaidi ni mgonjwa kunyamaza kwa aibu, akaanza kuruka dozi kwa siri ili arudishe heshima ya ndoa. Dozi zikikatika, arosto hurudi na unga humwita; na kwa kuwa mwili umepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuihimili dawa, kiasi alichokizoea zamani kinaweza kumzuia kupumua na kumuua. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani bila kipimo nazo si njia salama, kwani baadhi huchanganywa na dawa za hospitali ambazo muuzaji hazitaji.

Muuguzi wa kliniki amekwisha kuyasikia malalamiko haya, na mgonjwa hana sababu ya kuona haya mbele yake. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha testosteroni, ambacho damu yake huchukuliwa asubuhi na hurudiwa siku nyingine, kisha akapunguza dozi taratibu, akatibu sonona, au akapendekeza buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, pale inapopatikana, kwa kuwa kwa kawaida huathiri homoni kidogo kuliko methadoni. Testosteroni ya kuongezewa husaidia baadhi ya wanaume, lakini hupunguza mbegu, hivyo anayetaka mtoto aseme mapema.

Mwanamke asiyepata hedhi asidhani kwamba hawezi kushika mimba, kwa maana yai huweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Akishika mimba, aendelee na methadoni chini ya uangalizi wa kliniki, kwa sababu kuiacha ghafla humweka yeye na mtoto hatarini.