Baruti ya haraka haimaanishi risasi ya kasi

Jamani hii ya "baruti inayowaka haraka ndo inatoa risasi ya kasi" naisikia kila mara kwa watu wanaoanza kujijazia risasi za rifle (kutia wenyewe baruti na kichwa kwenye ganda) huko Marekani, na inaweza kumuumiza mtu vibaya kwa hiyo naomba niieleze taratibu. Baruti ikiwaka haraka presha inapanda ghafla, wakati kichwa cha risasi ndo kwanza kinaanza kusogea, halafu inashuka na sehemu kubwa ya mtutu inabaki haina msukumo wa maana. Ya polepole inapandisha presha kidogokidogo na inaendelea kusukuma mtutu mzima, kasi inatoka hapo.

Chukua .30-06, risasi ya tangu 1906, mwisho wa presha yake pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Ganda lake kubwa linajaa vizuri kwa baruti ya polepole kama H4350. Sasa jaza ganda hilohilo kwa Titegroup, baruti ya haraka ya bastola, chemba (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki) inaweza kupasuka karibu kabisa na uso wako. H4831, baruti nyingine ya rifle, ilianza kama baruti ya mizinga ya milimita 20 iliyobaki Vita Kuu ya Pili, polepole kweli, na wawindaji bado wanaipenda kwa vichwa vizito.

Ila ya polepole mno kwenye ganda dogo nayo haifai, inatoka haijaisha kuungua. Fungua jedwali la mtengenezaji wa baruti, tafuta risasi yako na uzito wa kichwa, anzia kiasi cha chini. Punje za baruti kufanana kwa macho sio kigezo kabisa.