Kwenye filamu za roboti, mtafute aliyetoa amri

Katika filamu ya RoboCop ya mwaka 1987, askari aliyefanywa nusu mtu nusu mashine anaingia ofisini kwa mmoja wa mabosi wa kampuni iliyomtengeneza. Ushahidi anao, sheria anaijua, na anamtamkia bosi yule kuwa yuko chini ya ulinzi. Papo hapo mwili unamgomea. Anayumba, viungo vinakakamaa, nguvu zinamwisha. Kumbe kampuni ilimwekea kichwani amri ya siri: asimkamate kigogo wake yeyote. Amri tatu za kwanza ni nzuri kuzisikia: kuwatumikia wananchi, kuwalinda wasio na hatia, kusimamia sheria. Ya nne ilifichwa, na hata yeye aliyeibeba hakujua inasemaje mpaka siku alipoigusa.

Mwishoni mwa filamu bosi yuleyule anamteka mwenyekiti wa kampuni kwa bastola, na mwenyekiti anamfukuza kazi palepale. Sekunde hiyo ile amri inakoma kumlinda, kwa kuwa si kigogo tena, na askari anampiga risasi. Watazamaji hushangilia. Mimi hapo huwa nahuzunika, maana haki imepatikana kwa sababu tu mkubwa mmoja amemtosa mkubwa mwenzake. Mwenyekiti angenyamaza, muuaji angeondoka zake.

Nimeanza na filamu hiyo kwa sababu katika mikutano yetu ya elimu kwa umma mitaani hapa Dar es Salaam, swali linaloongoza ni hili: je, mashine zenye akili mnemba zitakuja kututawala? Wengi wanaouliza ni vijana waliokulia kwenye vibanda umiza vya Mbagala, Tandika na Manzese. Filamu hizi wamezitazama zikiwa zimetafsiriwa, na wanazijua tukio kwa tukio. Steringi wanamjua, adui wanamjua. Ninachowaomba ni wamtazame upya huyo adui. Karibu kila filamu wanayonitajia, kabla roboti hajamgusa mtu, kuna binadamu mwenye cheo aliyemtuma, aliyemfichisha jambo, au aliyemkabidhi madaraka ambayo hayakupaswa kutoka mikononi mwa watu.

Ni hivyo tangu mwanzo. Katika Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927 isiyo na sauti, mtawala wa jiji ndiye anayeagiza roboti apewe sura ya Maria, binti anayeaminiwa na wafanyakazi, ili awavuruge. Katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, kompyuta HAL 9000 inawaua wanaanga, lakini wakubwa waliobaki duniani ndio walioiambia lengo halisi la safari na kuwaficha wale waliokuwa wakiendesha chombo. Hata The Terminator ya mwaka 1984, ambayo kila mtu huitaja, inasema wazi kwamba kompyuta zilizoiangamiza dunia zilikuwa za ulinzi, zikaunganishwa na kila kitu na kuaminiwa kuendesha yote.

Filamu ninayoipenda kuliko zote kwa kufundishia ni WarGames ya mwaka 1983. Inaanza ndani ya handaki la makombora ya nyuklia Marekani. Maofisa wawili wanapokea amri ya kurusha, wasijue kwamba ni jaribio tu. Mmoja anasita. Anataka kwanza apige simu, apate mtu wa kuongea naye, kabla hajageuza ufunguo utakaoua mamilioni. Baada ya jaribio hilo wakubwa wanagundua kwamba maofisa wengi mno wanasita, na dawa wanayoiona ni kuwaondoa watu hao na kuweka kompyuta mahali pao.

Hebu tulitafakari hilo. Mwenye madaraka anayetaka kuyatumia vibaya ana kikwazo cha siku zote, nacho ni kwamba lazima apate watu wa kumtii. Karani anaweza kukataa kugonga muhuri. Askari anaweza kushusha bunduki. Mhasibu anaweza kutoa siri. Mashine haina dhamira ya kuisuta wala mtoto wa kumfikiria, na ndiyo maana anayetaka kutiiwa bila swali huipenda. Jambo likiharibika, huipenda zaidi, kwa kuwa lawama zote anaitupia hiyo.

Mwaka uleule wa 1983, tarehe 26 Septemba, afisa wa jeshi la Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu wakati mfumo wa setilaiti ulipotoa tahadhari kwamba Marekani imerusha makombora. Ulionyesha matano. Petrov akawaza: anayeanzisha vita vya nyuklia hawezi kuanza na matano tu. Akaripoti kwamba tahadhari ile si ya kweli, na alikuwa sahihi. Setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliopiga kwenye mawingu. Natamani kila kijana anayependa filamu hizi alijue jina la mtu huyo kama anavyoyajua majina ya roboti.

RoboCop inasimulia habari za jiji la Detroit. Januari 2020 polisi wa jiji hilohilo, la kweli, walimkamata mwanamume mweusi nyumbani kwake mbele ya mkewe na mabinti zake wawili. Mfumo wa kutambua nyuso ulikuwa umemtaja kuwa ndiye aliyeiba saa dukani. Alipoonyeshwa picha ya kamera ya duka, aliishika akaiweka kando ya uso wake ili wapelelezi wajionee wenyewe kwamba si yeye. Alikaa mahabusu saa zipatazo 30. Kesi aliyoifungua ilimalizika kwa makubaliano Juni 2024: polisi wa Detroit wasimkamate tena mtu kwa majibu ya mfumo huo peke yake. Hakuna roboti aliyeasi pale. Mashine ilikosea, kama zinavyokosea, na wenye pingu wakaona hakuna haja ya kuhakiki.

Sisi je? Fikiria fundi wa zege aliyekwenda kusajili laini ya simu. Alama za vidole zimelika kwa saruji. Anaweka kidole gumba, anakifuta kwenye suruali, anaweka tena. Kitambulisho ni chake, uso ni wake, lakini anaambiwa mfumo umekataa, na anaitwa anayefuata. Yapo pia mambo ya makusudi. Aplikesheni za mikopo ya mtandaoni huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, nawe kwa shida uliyonayo unabonyeza kukubali. Ukichelewa kulipa, meseji za kukudhalilisha zinakwenda kwa mama mkwe, kwa bosi wako na kwa mwenyekiti wa kikoba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kutuma meseji kunaweza kufanywa na kompyuta, lakini aliyeamua kwamba utalipishwa kwa aibu ni mtu.

Na yule Maria wa bandia sasa hahitaji mtawala wa jiji kumtengeneza. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wote tumeizoea. Leo inaweza kuja kwa simu, kwa sauti ya mwanao iliyoigizwa na kompyuta. Kata simu, umpigie kwa namba unayoijua.

Sheria ipo, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, na ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Inakupa pia haki ya kumwandikia anayezishikilia kwamba hutaki uamuzi wenye athari kubwa kwako ufanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo ukiambiwa mfumo umekataa, omba jina la mwenye mamlaka ya kuuangalia upya uamuzi huo. Anayekuhudumia anaweza asijue. Mwombe akuelekeze kwa anayejua, na uombe jibu la maandishi.

Ukidhalilishwa na wakopeshaji, usifute meseji hata kama zinauma kuzisoma. Zipige picha zikionyesha namba na tarehe, andika jina la aplikesheni na siku uliyokopa, kisha peleka malalamiko Tume. Vitisho na matusi ya mtandaoni vipelekwe pia polisi, kituo chochote kilicho karibu nawe.