Haki jinai: mshahara mnono uko wapi?

Ukiniuliza ni kazi gani ya haki jinai inayolipa vizuri, nami nitakuuliza: nje ya serikali, nani mwingine angekuajiri kwa ujuzi huohuo? Hapo ndipo mishahara ya fani yetu inapoachana. Askari magereza anakaa na watu hatari kutwa kucha, lakini ujuzi wake una mwajiri mmoja tu, naye hulipa kwa madaraja aliyoyapanga mwenyewe. Mchambuzi wa utakatishaji fedha, yaani kuzifanya fedha haramu zionekane halali, anakaa kitini, na benki zinamgombania.

Mimi ni mkaguzi wa udanganyifu, kwa hiyo nakiri navutia upande wangu. Al Capone, kinara wa magenge ya Chicago, hakufungwa kwa mauaji. Mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi. Frank Wilson, mpelelezi wa kodi, alipekua vitabu vya hesabu vya nyumba ya kamari, akalinganisha miandiko hadi akamfikia karani aliyeviandika. Karani huyo akawa shahidi.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mtuhumiwa anasema hana kipato cha kutajika? Chukua thamani ya mali zake mwisho wa mwaka, ondoa madeni, kisha toa alichokuwa nacho mwaka ulipoanza. Jumlisha alichotumia mwaka mzima: kodi ya nyumba, safari, karo, sherehe. Toa kipato chake halali kinachojulikana. Kinachobaki kinahitaji maelezo. Hesabu ni ya shule ya msingi. Ugumu ni kuthibitisha kila tarakimu kwa hati, na kujua kwamba gari lililosajiliwa kwa jina la shemeji huenda si la shemeji.

Halafu unapanda kizimbani kama shahidi mtaalamu. Wahasibu wazuri ni wengi, lakini wanaoweza kumfafanulia jaji jedwali la kurasa 80, kisha wakahojiwa na wakili wa utetezi bila kukasirika wala kutia chumvi, ni wachache. Uchache huo ndio unaolipwa. Shahada ya uhasibu inatosha kuanzia. Baadaye tafuta cheti cha CFE, kinachotolewa na ACFE, chama cha wakaguzi wa udanganyifu kilichoanzishwa mwaka 1988.

Uchunguzi wa simu na kompyuta hulipa kwa sababu hiyohiyo, maana makampuni nayo huibiwa data. Maabara za vinasaba, ambazo vijana wengi huzipenda, zina heshima kubwa tangu mwanasayansi Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, ila nyingi ni za serikali na mshahara wake ni wa serikali. Waendesha mashtaka? Kazi nzuri mno, lakini wakili aliyeketi meza ya pili akimtetea tajiri kwa kawaida analipwa zaidi. Shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, peke yake, bila uhasibu, sheria au kompyuta, mimi nisingemshauri mtu anayetafuta kipato.

Wanaotaka kuwa maofisa wasome masharti yote, wasiishie kwenye tangazo la mshahara. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kwa mfano, huwaongezea maofisa wake wa upelelezi asilimia 25 kwa kuwa tayari kuitwa saa yoyote, lakini kwa kawaida hustaafishwa wakiwa na miaka 57.

Pamoja na hayo yote, anzia serikalini. Huko utajifunza kuandika ombi la amri ya mahakama ya kukagua akaunti ya benki ya mtu, jambo ambalo mkaguzi wa kampuni binafsi hana mamlaka ya kulifanya, na utaona majalada yanavyokufa kwa sababu ya hati moja iliyochukuliwa kinyume cha utaratibu. Baada ya miaka kadhaa ya shule hiyo, benki hazitakuuliza sana ulisoma chuo gani.