Pikipiki Kurejeshwa kwa Hitilafu ya Breki: Maana Yake Hasa

Kichwa cha habari kikisema "Kampuni yarejesha pikipiki laki mbili," msomaji huona meli zilizosheheni pikipiki zikirudi zilikotoka. Hakuna meli. Mara nyingi kinachosafiri ni kifurushi cha vipuri kutoka kiwandani kwenda kwa wakala, na pikipiki inashinda kwenye karakana ya wakala huyo saa kadhaa, kisha mwenyewe anaondoka nayo.

Kwa hiyo neno lenyewe linapotosha kidogo, ila tumeshalizoea. Pikipiki "zinaporejeshwa," maana yake ni kwamba mtengenezaji, kwa hiari yake au kwa kubanwa na mamlaka, ametangaza rasmi kuwa kundi fulani la pikipiki alizouza lina kasoro inayohatarisha usalama, na kwamba ataiondoa kasoro hiyo kwa gharama zake.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mimi huuelewa wito wa kurejesha kama deni. Kiwanda kimekiri kuwa kinadaiwa, na deni limeandikwa kwenye namba ya chasisi, halikuandikwa kwa jina la mtu. Pikipiki ikiuzwa mara tatu, deni linahama nayo mara tatu. Shida ni kwamba barua ya kumjulisha mdai hutumwa kwa mmiliki anayejulikana kwenye kumbukumbu, naye huenda alishaiuza zamani na hata namba ya simu ya aliyemuuzia hana.

Si kila ubovu wa breki unaingia humo. Pedi zikiisha, zimeisha. Ndiyo kazi yake. Diski ikilika, paipu ikipasuka kwa uzee, hayo ni ya mwenye pikipiki na fundi wake. Kasoro inayozungumzwa hapa ni ile ambayo pikipiki ilizaliwa nayo: mchoro uliokosewa, malighafi isiyofaa, au mashine ya kiwandani iliyokaza bolti vibaya kwa wiki mbili kabla mtu hajagundua. Ndiyo maana wito huwa hautaji modeli tu, hutaja na kipindi cha kutengenezwa. Pikipiki mbili za modeli moja na rangi moja zinaweza kusimama bega kwa bega, moja imo na nyingine haimo.

Ili kuelewa kwa nini breki hasa huwatia viwanda hofu, tazama kinachotokea mkono wa breki unapobanwa. Pistoni ndogo ndani ya masta silinda, yaani pampu ndogo inayosukumwa na mkono huo, inasukuma mafuta ya breki, mafuta yanapita kwenye paipu hadi kwenye kalipa, kifaa kinachoikumbatia diski ya gurudumu, yanasukuma pistoni za huko, nazo zinazibana pedi kwenye diski. (Tunayaita mafuta, lakini mengi si mafuta kabisa. Mafuta halisi yangevimbisha mipira ya ndani na kuiharibu.) Mfumo mzima umesimama juu ya jambo moja: kimiminika hakibonyei. Gesi inabonyea. Kukiwa na kiputo cha hewa mahali fulani njiani, nguvu ya vidole inaishia kukibonyeza kiputo badala ya kubana diski, na mkono wa breki unakwenda laini, kama unabonyeza sponji, hadi unagusa mpini.

Pikipiki iliyo kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akibana, akakuta laini, akaachia, akabana tena, sekunde hiyo moja imekwisha, na mita 17 zimekwenda nayo. Na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa sababu uzito mwingi unaegemea mbele unapofunga. Ikikosa hiyo, ya nyuma peke yake haitoshi.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Suzuki. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza wito uliogusa takriban pikipiki 210,000 duniani za familia ya GSX-R, zilizotengenezwa kwa takriban miaka kumi. Pistoni ya masta silinda ya mbele ilikuwa ikiliwa na kutu pale mafuta ya breki yalipokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Kule kuliwa kulizalisha gesi. Masta silinda nyingi zina tundu la kuruhusu viputo kupanda juu kwenye chombo cha mafuta, lakini kwenye hizi tundu lilikuwa ubavuni, kwa hiyo gesi haikutoka yote. Ilibaki, ikajikusanya kidogo kidogo. Mwenye pikipiki angeweza kwenda kwa fundi kutoa upepo kwenye breki, akapata nafuu wiki chache, halafu ulaini ukarudi, kwa sababu chanzo cha upepo kilikuwa ndani. Dawa ikawa kubadilisha masta silinda yenyewe.

Breki inaweza pia kukosea kwa upande wa pili: kushika na kukataa kuachia. Mwaka 2011 Honda iliita takriban pikipiki 126,000 za Gold Wing GL1800 nchini Marekani. Pikipiki hizo zina mfumo unaounganisha breki za mbele na za nyuma, na masta silinda ya pili ndani ya mfumo huo iliweza kubakiza shinikizo hata baada ya dereva kuachia. Pedi za nyuma zikaendelea kusugua diski. Dereva haoni kitu, labda anahisi pikipiki nzito kidogo kama inayopanda mlima, huku joto likipanda nyuma yake. Tahadhari ya kampuni ilitaja hata hatari ya moto. Watu wengi wakisikia "breki mbovu" hufikiria breki isiyoshika. Hii ilikuwa inashika kupita kiasi.

Mfano wa tatu ndio unaozua ubishi. Februari 2018, Harley-Davidson ilitangaza wito wa pikipiki takriban 175,000 nchini Marekani, na zaidi ya 250,000 ukijumlisha duniani kote. Zilikuwa za modeli za 2008 hadi 2011 zenye ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisigande unapofunga breki ghafla. Kitabu cha pikipiki kilisema mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Wengi hawakubadilisha. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakizeeka yaliacha mabaki kwenye vali za kifaa cha ABS, zikaganda, breki zikapotea bila onyo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kuchunguza mwaka 2016 baada ya kupokea malalamiko.

Sasa, kosa la nani? Mtu anaweza kusema mwenye pikipiki alipuuza kitabu, ajilaumu. Mimi siafiki. Uzembe wa aina hiyo unajulikana. Kila mtengenezaji anajua kuwa watu husahau kubadilisha mafuta ya breki. Mfumo wa breki ukidhoofika polepole, dereva anapata nafasi ya kushtuka na kwenda kwa fundi. Ukizimika ghafla kwa sababu ya uzembe ambao kila mtu angeutarajia, hiyo ni kasoro. Mahakama za Marekani zilishaelekea huko tangu miaka ya 1970: matumizi mabaya yanayotabirika hayamwondolei mtengenezaji wajibu wake.

Sheria ya Marekani inafaa kutazamwa hapa kwa sababu ni ya zamani na iko wazi. Mwaka 1966 ilimlazimu mtengenezaji kumjulisha mwenye chombo kuhusu kasoro, basi. Kutengeneza bure kuliongezwa mwaka 1974. Katikati hapo mtu aliweza kupokea barua inayomwambia chombo chake ni hatari, halafu akalipia mwenyewe. Leo, kampuni ikishaamua kuwa kasoro ipo, ina siku tano za kazi kuitaarifu mamlaka, na barua kwa wamiliki zinafuata ndani ya siku 60. Kipuri kikiwa hakijawa tayari, barua ya kwanza hutoa tahadhari tu, na ya pili huja baadaye kukuita karakana. Wengi huichukulia ile ya kwanza kama karatasi ya matangazo.

Hapa ndipo watu wanapochanganya wito na waranti. Waranti ni ahadi ya kibiashara yenye mwisho: miaka kadhaa au kilomita kadhaa, kisha imekufa. Wito wa usalama hauulizi waranti yako imefika wapi. Hauulizi kama wewe ni mmiliki wa kwanza au wa nne, wala kama ulikuwa ukifanya huduma kwa wakala au chini ya mti. Unayo mipaka yake, ni kweli. Kwa Marekani, kutengenezewa bure kunahusu vyombo visivyozidi miaka 15 tangu viliponunuliwa mara ya kwanza hadi kasoro ilipobainika. Zamani ilikuwa miaka 10.

Kujua kama pikipiki imo, unahitaji namba ya chasisi. Kwenye pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, upande, pale usukani unapopita. Geuza usukani hadi mwisho, futa vumbi na grisi, utaiona. Ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, zisije zikasomwa kama 1 na 0, kwa hiyo ukiona umeandika O kwenye karatasi yako, ni sifuri. Namba hiyo huingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya mamlaka, au unampelekea wakala aangalie. Namba ya usajili peke yake inatosha katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, lakini ya chasisi ndiyo isiyobadilika hata pikipiki ikivuka mpaka.

Soma pia wito unasema nini kuhusu kuendesha. Baadhi huruhusu uendelee huku ukisubiri zamu, mingine husema wazi usiiwashe, ichukuliwe kwa gari. Na kazi ikishafanyika, omba karatasi yenye namba ya wito na namba ya chasisi pamoja. Ndiyo risiti ya lile deni, na ndiyo atakayoitaka atakayeinunua kwako.

Lipo tundu moja ambalo utaratibu huu wote hauzibi. Wito hufuata fremu, lakini vipuri hutembea. Pikipiki ikianguka na kuchinjwa, masta silinda yake hufunguliwa, hufutwa ikang'aa, ikauzwa kama kipuri kilichotumika, ikafungwa kwenye pikipiki ambayo namba yake haimo kwenye orodha yoyote. Ukiitafuta mtandaoni, jibu litakuwa kwamba haina wito wowote. Kwa hiyo anayenunua kipuri cha breki kilichotumika anahitaji kuuliza kimetoka kwenye pikipiki gani, ya mwaka gani, na kutafuta namba ya ile iliyochinjwa.