Bendi Ikianza Kuandikwa, Studio Ifungwe

Kazi yangu ni kurekodi bendi za roki zinazojisimamia, zile zisizo na lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa rekodi, nyuma yake. Wengi hunijia katika kipindi kilekile: mhakiki fulani amewasifu, redio zimeanza kuwacheza, na kila anayewahoji anamalizia kwa kuuliza albamu mpya inatoka lini. Wanafika na nyimbo chache zilizoiva, na nyingine ambazo bado ni mapigo ya gitaa yasiyo na maneno. Wanataka tumalize upesi kabla hawajasahaulika. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: msimtajie mwandishi yeyote tarehe mpaka miksi ya mwisho, yaani sauti zote zikiwa zimechanganywa, iwe mkononi.

Sifa za mapema hupandisha matarajio kuliko bendi inavyoweza kukua. Mwaka 2007 Black Kids, bendi ya Florida, Marekani, walitoa bure mtandaoni nyimbo nne, na Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, ikawapa alama 8.4 kati ya 10. Mwaka uliofuata ilitoka albamu yao kamili, nyimbo zilezile nne zikiwa zimerekodiwa upya ndani yake. Tovuti ileile ikawapa 3.3. Sioni kwamba vijana wale walikuwa wamesahau kupiga muziki kwa mwaka mmoja. Naona bendi changa iliyosukumwa kukua mbele ya macho ya watu.

Haraka si sawa na kasi. Bendi ya Nirvana ilirekodi albamu yake ya kwanza, iliyotoka 1989, kwa dola 606.17 tu, katika studio ya Seattle chini ya mrekodi Jack Endino. Waliweza kwa sababu nyimbo nyingi walishazipiga jukwaani mpaka mikono ikazizoea. Ndiyo maana naomba kila wimbo upigwe mbele ya watu kabla haujaletwa kwangu. Hadhira ikianza kuangalia simu kwenye ubeti wa pili, ubeti huo ni mrefu mno, na kuukata mazoezini hakugharimu chochote.

Studio, saa nyingi huliwa na drams, na sioni vibaya. Seti moja huwekewa maikrofoni kadhaa: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, mbili juu ya matoazi, nyingine mbali kidogo ili zipokee mwangwi wa chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo mita moja nyuma zaidi hulipokea pigo lilelile kama milisekunde 3 baadaye. Ukizichanganya, baadhi ya mawimbi huongezana na mengine huuana, na ngoma iliyotikisa chumba kizima hutoka kwenye spika ikiwa nyembamba, haina kifua. Watu wengi hukimbilia kuongeza besi kwenye miksa. Haisaidii, kwa sababu mawimbi yaliyokwisha kuuana hayapo tena ya kuongezwa. Mimi hupima umbali kwa utepe, hugeuza mawimbi ya maikrofoni moja kwa kitufe chake na kusikiliza ni upande upi wenye uzito, kisha husogeza stendi sentimita chache chache. Mpiga drams mvumilivu ni hazina siku hiyo.

Drams, besi na gitaa la kwanza narekodi kwa pamoja, wanamuziki wakionana. Kiitikio kikikimbia kidogo, nakiacha kikimbie. Roki iliyonyooshwa kila pigo kwa metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, hunichosha. Sauti ya mwimbaji na gitaa za ziada huongezwa baadaye.

Kisha njooni kwenye karatasi. Wimbo una haki zake, na rekodi ya wimbo ina haki nyingine kabisa. Lebo zinazopiga simu baada ya makala nzuri mara nyingi zinaitaka hiyo ya pili, yaani masta. Steve Albini, aliyerekodi albamu ya tatu ya Nirvana mwaka 1993, alikuwa akitoza ada moja na kukataa mrabaha, yaani fungu la mauzo. Namheshimu sana kwa hilo na ninafuata njia yake. Kabla ya maikrofoni ya kwanza kuwashwa, tunasaini kwamba nimelipwa kazi yangu na masta ni mali ya bendi.

Mastaringi, yaani usafishaji wa mwisho wa miksi, ikikamilika, sasa waandishi waitwe. Kama mnataka sahani za vinili, ulizeni kiwanda kwanza, maana foleni inaweza kuchukua miezi, kisha hesabuni kurudi nyuma. Wahakiki wapewe nakala wiki kadhaa kabla ya albamu kutoka, pamoja na picha, majina sahihi ya wanabendi na tarehe wanayoruhusiwa kuchapisha. Singo ya kwanza iwe wimbo ambao bendi inaweza kuupiga vizuri usiku wowote, kwa sababu kila redio itakayowaalika itauomba huohuo.